Vivuli Viwili vya Karatasi Moja

Alhamisi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha alfajiri, ikabaki manyunyu watu walipokuwa wakitoka majumbani, ikaacha lami inang'aa na hewa ya ubaridi mwepesi. Mawingu yalibaki pale juu, mazito, kama wageni waliokwisha kuaga lakini bado wamesimama mlangoni.

Mama Sanduku alikung'uta mwavuli wake nje ya mlango wa wafanyakazi, akaukunja, akautia kwenye ndoo. Ndani ya maktaba ile, tone moja la maji lilikuwa kosa. Alipanda ngazi za nyuma mpaka chumba cha kusomea miswada, akafungua mlango, na kabla ya kuwasha taa akasimama kwenye mwanga hafifu wa dirisha, akainamisha kichwa.

"Ee Mungu," alisema kwa sauti ya chini, "ilinde mikono yangu, na vilivyomo humu uvilinde na mikono yangu."

Sala hiyo alikuwa akiisali kila asubuhi ya kazi kwa miaka kumi na mmoja. Nusu yake ya pili ilikuwa na sababu, na sababu hiyo waliijua watu wawili tu, yeye na mumewe.

Jina la Mama Sanduku alipewa na wenzake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoa masanduku ghalani na kuyarudisha. Msomaji hujaza fomu, namba ya sanduku huandikwa juu, naye huifuata namba hiyo kwenye rafu, akaja na sanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Tarakimu alizijua tangu utotoni. Herufi ndizo zilizokuwa zimempita kando. Akiombwa asome kitu, alipapasa mfuko wa koti na kusema, "Miwani nimeisahau nyumbani." Miaka ishirini miwani ikawa inasahaulika, na hakuna aliyeuliza mbona hajawahi kuonekana nayo hata siku moja.

Miaka miwili iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, alijiandikisha darasa la jioni la watu wazima. Alianza na herufi kubwa kubwa ubaoni, akiwa ameketi kati ya kinyozi na dereva mstaafu. Sasa alisoma polepole, midomo ikicheza, lakini alisoma. Na leo darasa lake lote lilikuwa linakuja kazini kwake.

"Vaa ile blauzi ya buluu," mumewe alikuwa amemwambia wakati wa chai. Alikuwa fundi saa, na hata mezani nyumbani kioo chake cha jicho kilikuwa kimening'inia shingoni. "Wenzako wasije wakashindwa kujua yupi ni wewe na lipi ni sanduku."

"Na wewe, saa yetu ya ukutani imesimama tangu juzi, fundi mzima."

"Hiyo inapumzika, mke wangu. Imefanya kazi sana."

Saa nne kamili Daktari angezungumza. Alikuwa mtafiti, mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa madaftari usiopungua uzito, aliyeshinda chumbani humo miaka minne akisoma kitu kimoja: daftari la mkunga mmoja wa zamani, aliyeandika kila mtoto aliyempokea, na chini ya kila mtoto sala ya mistari miwili mitatu. Kitabu cha Daktari kuhusu daftari hilo kingekwenda kiwandani kuchapwa Jumatatu. Leo alitaka watu wa kawaida wakione kile kitu chenyewe kabla wasomi hawajaanza kukigombania. Kazi ya kukitandaza mezani ilikuwa ya Mama Sanduku.

Akanawa mikono, akaikausha mpaka katikati ya vidole. Akaleta sanduku namba mia mbili na kumi na nne, hilo peke yake, akalifungua.

Ndani mlikuwa na mafungu mawili. La kwanza ni karatasi za daftari, sitini na nane, zote zimeachana kwa sababu uzi wa mshono ulikwisha kuoza zamani. La pili ni vile ambavyo wafanyakazi waliviita vijikaratasi, vitu ambavyo mkunga alivichomeka katikati ya kurasa: karatasi za kufungia sabuni, vibandiko vya viberiti, tiketi za treni, kipande cha kalenda, tangazo la duka la vitambaa, picha za studio zenye mandhari ya kuchorwa nyuma. Vitu ambavyo kila mtu hutupa. Huyu mwanamke hakutupa.

Mama Sanduku alivipanga mezani kimoja kimoja kwa kibanio cha mbao. Alikuwa amevishika mara nyingi, lakini asubuhi hii ilikuwa mara ya kwanza avisome. Kibandiko cha kiberiti, ambacho kwake kilikuwa "yule tembo mwekundu", kumbe kilikuwa na maneno: HAUZIMIKI KWA UPEPO. Akacheka peke yake. Tembo anahusikaje na upepo? Tiketi ilisema DARAJA LA TATU, KWENDA TU. Kwenda tu! Alikwenda wapi, na alirudije? Nyuma ya picha ya studio, mama kijana na mtoto mnene aliyekasirika, mkunga alikuwa ameandika kwa wino: "Huyu alikuja kwa miguu kwanza. Sasa tazama mashavu."

Mama Sanduku aliishika picha ile kwa muda. Mwandiko ulikuwa mdogo, umesimama wima, wa mtu aliyekuwa na mikono yenye nguvu na karatasi chache. Alijiona kama mtu aliyeishi nyumba moja na ndugu yake miaka mingi bila kusikia sauti yake, na leo ndugu amefungua mdomo.

"Mungu wangu," alinong'ona, "kumbe alikuwa mcheshi."

Kisha akafika kwenye karatasi ya sabuni, na moyo ukaanza kumwenda mbio kama kila mara.

Miaka kumi na mmoja kabla ya siku hiyo, Mama Sanduku alibeba masanduku mawili kwa safari moja. Sheria ya ghala ilisema moja kwa safari moja, lakini ilikuwa siku ya wasomaji wengi na magoti yalimuuma. Kwenye kizingiti cha mlango alijikwaa. Sanduku moja lilibaki mkononi. La pili, namba mia mbili na kumi na nne, lilifunguka hewani, na karatasi zote sitini na nane, pamoja na vijikaratasi vyake, zikatapakaa sakafuni. Hazikuwa na namba za kurasa. Kusoma hakujua.

Angekimbia kumwita msimamizi wa miswada. Lakini msimamizi, ambaye wote walimwita Bwana Kimya kwa jinsi alivyopenda neno hilo, aliwahi kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya biskuti moja ghalani. Kwa hiyo Mama Sanduku alipiga magoti na kuanza kuzirudisha kwa macho.

Aligundua jambo moja zuri. Mdudu fulani alikuwa ametoboa daftari zima tangu jalada la mbele hadi la nyuma, na tundu lake lilikuwa likihama kidogo kutoka karatasi hadi karatasi, kama nyayo za mtu anayetembea. Akazifuata nyayo hizo. Palipokuwa na doa la maji, akalinganisha doa na doa. Vijikaratasi navyo vilikuwa vimeacha alama: mahali kilipolala kijikaratasi miaka mingi, ukurasa ulibaki mweupe huku pembeni ukigeuka rangi ya chai. Vingine viliacha kivuli hicho cheupe pande zote mbili, vingine upande mmoja tu. Akakirudisha kila kimoja kwenye kivuli chake. Alianza saa saba mchana, akamaliza saa kumi, na mgongo ukawa haunyooki.

Kila kitu kilirudi mahali pake, isipokuwa kivuli kimoja. Kwenye karatasi ya thelathini, ukurasa wa nyuma, palikuwa na kivuli cha mraba kisicho na mwenyewe. Kingine cha ukubwa uleule kilikuwa kwenye karatasi ya thelathini na moja, upande unaotazama thelathini na mbili, na hapo aliiweka karatasi ya sabuni. Vivuli viwili, karatasi moja. Ya pili ilikuwa wapi? Alitafuta chini ya rafu kwa tochi. Alitafuta siku iliyofuata, na mwezi uliofuata. Akakata kauli kwamba ameipoteza, akamwambia Mungu, akamwambia mumewe, na hakumwambia mwingine.

Sasa alikuwa ameshika karatasi ya sabuni kwa kibanio, na kwa kuwa alikuwa anasoma kila kitu, akaisoma nayo. Herufi nene za buluu: UA LA ASUBUHI. Chini yake ndogo zaidi: HAICHUBUI NGOZI.

Akageuka kukitazama kile kivuli kisicho na mwenyewe. Dirisha lilikuwa limepata mwanga zaidi, na ndani ya ule weupe akaona kitu ambacho zamani kwake kilikuwa uchafu tu, vijimstari vya buluu hafifu sana. Leo vijimstari hivyo vilimsumbua. Vilifanana na herufi lakini vilikataa kusomeka. Akainama zaidi. A ilikuwa A. Ile nyingine ilikuwa kama L inayotazama nyuma.

Alitoa kioo chake kidogo kutoka kwenye pochi, kile cha kutazamia kilemba, akakisimamisha kando ya ukurasa bila kuugusa. Ndani ya kioo, kwa buluu ya mbali kama moshi, yalisomeka maneno mawili na nusu: UA LA ASU.

Alikaa chini.

Wino wa karatasi ya sabuni ulikuwa umejichapa pale. Uso wa karatasi hiyo ndio uliolala kwenye ukurasa huo miaka yote. Na mgongo wake, usio na maandishi, ndio uliouacha weupe ule mwingine. Vivuli viwili, karatasi moja. Haikupotea karatasi yoyote!

"Asante," alisema. "Asante, asante, asante." Miaka kumi na mmoja alikuwa akiomba msamaha kwa kupoteza kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Machozi yalimtoka, akarudi nyuma hatua mbili haraka yasije yakadondokea mezani.

Ni pale alipokuwa akifuta macho, hatua mbili mbali na meza, ndipo wazo la pili lilipomjia, na hilo halikuja na shukrani. Kama karatasi moja ililala katikati ya vivuli viwili, basi kurasa hizo mbili zilikuwa zikitazamana. Sasa hazikuwa zikitazamana. Kivuli kimoja kilikuwa nyuma ya karatasi ya thelathini, na kingine kilikuwa kimegeukia kule, kinatazama thelathini na mbili.

Karatasi ya thelathini na moja ilikuwa imegeuzwa. Mbele nyuma.

Akaelewa hata ilivyotokea. Tundu la mdudu lilianza karibu na mshono, likahama polepole kuelekea pembeni, na kwenye karatasi hiyo lilikuwa katikati kabisa. Ukiigeuza, tundu linabaki palepale. Kingo zote mbili zilikuwa zimeliwa na unyevu, huwezi kujua upi ulikuwa upande wa mshono. Nyayo zilimwonyesha njia yote, zikamdanganya hatua moja.

Akasoma. Karatasi ya thelathini iliishia hivi: "Nimeitwa kwa mke wa mfinyanzi. Ni pacha. Wa kwanza katoka mzima."

Kisha, kwa mpangilio uliokuwapo: "Akalia. Akalia kama mtu aliyedhulumiwa, mpaka mama yake akacheka. Nikamwogesha, nikamfunga kitambaa cheupe, nikamlaza kando ya mwenzake."

Kisha upande wa pili: "Wa pili katoka kimya. Nikampuliza, nikamsugua mgongo, kimya. Nikamwambia Mungu, huyu si wangu, ni wako, lakini niachie kidogo. Niachie kidogo."

Na karatasi ya thelathini na mbili: "Leo paa limevuja. Nimehamisha kitanda."

Hivyo ndivyo dunia ingesoma. Mtoto alikuja kimya, mkunga akaomba, na jibu likawa paa linalovuja. Lakini ukiigeuza karatasi irudi ilivyokuwa, mkunga anaomba, "Niachie kidogo," na mstari unaofuata, juu kabisa ya ukurasa, ni neno moja: "Akalia."

Mwanamke yule aliomba akajibiwa, akaliandika jibu kwa mkono wake. Na yeye, Mama Sanduku, kwa masanduku mawili na uvivu wa safari moja, alikuwa amelifuta.

Daktari aliingia saa tatu na robo, akihema kwa ngazi.

"Mama, shikamoo! Mvua imeniacha hai. Ee, tazama meza ilivyopangwa! Hii meza peke yake ni hotuba."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaumwa? Macho mekundu."

"Vumbi."

"Humu ndani vumbi? Bwana Kimya akikusikia atalia." Daktari alitua mfuko, akainama juu ya vijikaratasi. "Mimi nilikosea, unajua. Miaka minne nimeyasoma na kuyapiga picha maandishi tu, hivi vitu nimevipa kurasa tano mwishoni. Lakini ile sura ya sita, mama, ile ndiyo moyo wa kitabu. Nimeiita 'Mtoto Aliyekuja Kimya'. Baada ya mtoto yule kufa, mkunga anakaa kurasa sita bila kuandika sala hata moja. Sita! Imani ilimvunjika pale pale. Nilipoiandika sura hiyo nililia."

Mama Sanduku alisema anakwenda kuchukua mito ya kuegemezea vitabu, akaingia ghalani, akasimama katikati ya rafu.

Ilikuwa imebaki miaka mitatu astaafu. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Angeweza pia kuigeuza karatasi kimyakimya, sasa hivi, lakini picha za Daktari zilikwisha kupigwa na kitabu kilikwisha kuandikwa. Akatoa simu, akampigia mumewe.

"Nimeipata," alisema.

"Ile iliyopotea? Mungu mkubwa! Ilikuwa wapi?"

"Haikupotea. Lakini kuna jingine, kubwa zaidi." Akamweleza kwa maneno machache.

Kwenye simu zilisikika saa nyingi zikigonga pamoja, kila moja na mwendo wake. Hatimaye mumewe akasema, "Mimi saa nikiiharibu mwenyewe, huwa namwambia mteja. Mara mbili nimetukanwa, mara moja nimepigwa ngumi ya shavu. Na hivi ninavyoongea na wewe bado niko hai."

"Nitafukuzwa."

"Basi utakuja kukaa hapa dukani unisomee majina ya wateja kwenye risiti, maana mwandiko wangu hata mimi siuelewi."

Alicheka bila kutaka. Akakata simu, akasali, na safari hii sala haikuwa na maneno mengi. Aliomba miguu tu, imfikishe.

Darasa lilifika saa nne kasoro dakika tano, watu kumi na wanne na mwalimu wao, wakinyata kama watu walioingia nyumba yenye mgonjwa. Bwana Kimya, mwembamba, kola imefungwa mpaka juu, aliwapokea mlangoni.

"Penseli tu. Hakuna kalamu, hakuna chupa, hakuna kugusa. Na tafadhali, kimya."

"Hata kupumua?" kinyozi alimnong'oneza Mama Sanduku. "Shosti, kumbe unafanya kazi kwenye friji!"

"Nyamaza wewe."

Walizunguka meza. Walitazama tembo mwekundu, tiketi ya kwenda tu, mtoto mwenye mashavu, na mara minong'ono ikaanza, kila mmoja akimwonyesha mwenzake neno aliloweza kulisoma. Dereva mstaafu alisoma tiketi nzima kwa sauti, herufi kwa herufi, na hakuna aliyemharakisha. Bwana Kimya alifungua mdomo kusema neno lake, akaahirisha.

Kisha Daktari akasoma. Alikuwa na sauti nzuri, na aliliheshimu kila neno. Alisoma mtoto aliyekuja kwa miguu, alisoma usiku wa watoto watatu nyumba tatu. Watu walimezwa na daftari. Hatimaye akafika kwa mke wa mfinyanzi. Wa kwanza akalia kama mtu aliyedhulumiwa, na darasa likacheka. Wa pili akatoka kimya, na darasa likanyamaza. "Niachie kidogo," Daktari alisoma, akainua macho. "Na siku ya pili anaandika tu: Leo paa limevuja."

Kinyozi, mtu wa utani kutoka asubuhi hadi jioni, alikuwa akijifuta jicho kwa mgongo wa mkono.

"Kwa hiyo alimnyima?" aliuliza. "Mama wa watu kaomba vile, Mungu kamnyima?"

"Ndivyo daftari linavyosema," Daktari alijibu kwa upole.

"Daftari halisemi hivyo."

Vichwa viligeuka. Mama Sanduku alikuwa amesimama ukutani na mto mmoja mikononi, ameubana kifuani.

"Daftari halisemi hivyo," alirudia. "Ni mimi niliyelisemesha hivyo. Bwana msimamizi, miaka kumi na mmoja iliyopita nilibeba masanduku mawili. Hili likaniponyoka. Karatasi zote zilimwagika, nikazirudisha mwenyewe, na wakati huo sikujua kusoma. Karatasi ya thelathini na moja niliigeuza. Naomba niwaonyeshe."

Bwana Kimya akaenda kwenye sinki, akanawa, akakausha vidole vyake kimoja kimoja, akarudi.

"Onyesha," alisema.

Mama Sanduku alisimamisha kioo. Daktari akainama, akasoma ndani yake, UA LA ASU, akaitazama karatasi ya sabuni mezani, akakitazama tena kioo. Rangi ya uso wake ilibadilika. Bwana Kimya alipitisha vipande viwili vya kadibodi, kimoja chini na kimoja juu ya karatasi ya thelathini na moja, akaigeuza taratibu sana, akailaza ikitazamana na jirani yake. Kivuli kikatazamana na kivuli, pembe kwa pembe. Akachukua karatasi ya sabuni kwa kibanio, akaiweka katikati. Ilienea kama kifuniko cha chungu chake.

"Soma," alimwambia Daktari.

Daktari alisoma. "Wa pili katoka kimya. Nikampuliza, nikamsugua mgongo, kimya. Nikamwambia Mungu, huyu si wangu, ni wako, lakini niachie kidogo. Niachie kidogo." Bwana Kimya akamgeuzia karatasi upande wa pili, naye akasoma mstari wa juu. "Akalia."

Kinyozi alipiga kofi moja, akakumbuka alipo, akaukamata mkono wake kwa mkono mwingine. Mama mmoja wa darasani alisema, "Amina," kwa sauti kamili.

"Akalia kama mtu aliyedhulumiwa," Daktari aliendelea, "mpaka mama yake akacheka. Nikamwogesha, nikamfunga kitambaa cheupe, nikamlaza kando ya mwenzake." Akashika kiti, akaketi. "Kando ya mwenzake. Pacha wake! Na mimi nimeandika maelezo ya mistari kumi na minne kwamba hapo 'mwenzake' ni mama yake. Mistari kumi na minne, jamani." Akaanza kucheka, akaziba uso, na haikujulikana tena kama bado ni kicheko.

"Mwanangu, nisamehe," Mama Sanduku alisema. "Kitabu chako nimekiharibu."

Daktari aliondoa mikono usoni. "Kitabu hakitakwenda kiwandani Jumatatu, nitapiga simu leo. Nitaumia, sitakuficha. Lakini, mama, karatasi sitini na nane, bila kusoma, kwa tundu la mdudu? Mimi nimefundisha watu wenye shahada kazi hii, na hakuna hata mmoja angeweza. Ulikosea moja!" Akatazama tena meza. "Kitu kimoja sasa sikielewi. Kama mtoto aliishi, mbona baada yake kurasa sita hana sala?"

Mama Sanduku alifikiri. "Mimi sijasoma kama wewe. Lakini nikishukuru sana, huwa sina maneno. Leo asubuhi nimesema asante mara nne, nikakwama."

Daktari alichukua penseli, akaandika jambo kwenye daftari lake, akalipigia mstari chini mara mbili.

Bwana Kimya alikuwa bado amesimama na vile vipande vya kadibodi. "Ulinificha miaka kumi na mmoja," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Ungeniambia siku ile, ningekufukuza."

"Najua."

"Na mimi ningeketi hapa na karatasi sitini na nane nisijue pa kuanzia, maana mtu pekee aliyeziona zilivyoanguka ningekuwa nimemtoa mlangoni." Hilo alilisema kama mtu anayejisomea hesabu isiyomfurahisha. "Nitaandika taarifa kwa wakubwa. Siwezi kuacha. Na wewe utaandika ya kwako, kwa mkono wako, uieleze kazi yote, tundu, madoa, vivuli. Watakachoamua sijui, ila nitawaambia nakuhitaji. Sasa nijibu ukweli mbele ya hawa. Kuna sanduku jingine?"

Angeweza kusema hakuna. Chumba kizima kilikuwa upande wake.

"Yapo mawili," alisema Mama Sanduku.

Kinyozi alitoa mguno. Bwana Kimya alifumba macho.

"La mabango ya maonyesho, lililolowa bomba lilipopasuka," aliendelea, "na lile la barua za mapadri. Hayo hayakuniponyoka, ila niliyapanga kwa macho vilevile, na sijui kama nilipatia."

"Mungu wangu," alisema Bwana Kimya, na lilikuwa neno la kwanza la dini kusikika kutoka kinywani mwake. "Basi?"

Mama Sanduku aliuweka mto kitini. Alitazama watu wa darasa lake, mwalimu aliyemshika mkono kwenye herufi ya kwanza, Daktari na penseli yake, na msimamizi. Kisha akainua mkono wa kulia, bila kuambiwa na mtu.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, na sauti haikumtetemeka, "naahidi kwamba Jumatatu nitaanza na mabango, halafu barua. Nitasoma kila karatasi niliyowahi kuirudisha kwa macho tu, hata kama itanichukua miaka yote mitatu iliyobaki. Na kila nitakapokuta nimekosea, nitasema siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, kwa sauti, kama nilivyosema leo."